Mwanagenzi wa Kifaransa si debe tupu

Majuma mawili yaliyopita mjukuu wangu, msichana wa shule ya upili, alikuja kunisalimu akiwa na daftari lake la Kifaransa kwapani. Alikuwa na furaha. Mwalimu alikuwa amewataka waandike insha fupi ya kumsawiri mtu mmoja wa familia, naye alikuwa amepata alama 9 kwa 10. Akanisomea kwa madaha: “Ma grand-mère est grande. Elle est belle. Elle est gentille. Elle est intelligente. Elle a les yeux marron.” Yaani nyanya yangu ni mrefu, ni mrembo, ni mpole, ni mwerevu, ana macho ya kahawia.

Nyanya huyo alikuwa dada yangu mkubwa. Tulimzika mwaka jana. Nikamuuliza mjukuu wangu, “Kwani nyanyako alikuwa mrefu?” Akanyamaza kidogo. “La, babu. Alikuwa mfupi.” “Mbona basi umeandika ‘grande’?” Akanijibu bila kusita: “Hilo ndilo lililokuwa ubaoni.”

Jibu hilo limenikereketa kwa siku kadhaa. Simlaumu mtoto. Wala simlaumu mwalimu wake, maana kwa kanuni alizofunzwa yeye mwenyewe, insha ile haina kosa. Kila kivumishi kimepatana na nomino ya kike, na hata neno “marron” limeachwa bila “s” ya wingi, jambo ambalo huwatoa wengi jasho. Kisarufi insha ni safi. Lakini dada yangu hayumo ndani yake. Aliyemo ni nyanya yeyote, wa mtu yeyote, popote duniani.

Hoja yangu leo, mpenzi msomaji, ni kwamba katika kuwafunza wanagenzi Kifaransa, mara nyingi tunawachukulia kana kwamba ni madebe matupu. Tunasahau kuwa mwanafunzi wa Kenya huingia katika darasa la Kifaransa akiwa na vitu viwili tayari: Kiswahili kichwani, na macho ya kutazamia. Tunavipuuza vyote viwili, kisha tunashangaa anapoandika kama mashine.

Huenda ukauliza, profesa wa Kiswahili anatafuta nini katika shamba la wenyewe? Ninachotafuta ni hiki. Kiswahili na Kifaransa ni majirani wa siku nyingi. Vinakutana kila siku Bujumbura, Bukavu, Goma na Lubumbashi. Mnamo Februari 2021, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia lugha hizo mbili ziwe lugha rasmi za jumuiya pamoja na Kiingereza. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na jumuiya hiyo. Kijana wa Kenya anayejifunza Kifaransa leo hajifunzi lugha ya Paris pekee. Anajifunza lugha ya jirani ambaye, aghalabu, anazungumza Kiswahili pia. Ajabu ni kwamba tunamtaka akifikie Kifaransa hicho kwa kupitia London.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Mimi nilianza Kifaransa ukubwani, miaka 40 ikiwa imenipita, kwa kitabu ambacho maelezo yake yote yalikuwa ya Kiingereza. Baada ya miezi michache nilisafiri hadi Bujumbura nikiwa na ujasiri wa mtu asiyejua asichokijua. Jioni ya kwanza nikamwambia mwenyeji wangu, “Je suis faim.” Akacheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akanisahihisha kwa Kiswahili: “Sema ‘j’ai faim’, ndugu yangu. Una njaa, wewe si njaa.”

Una njaa, wewe si njaa! Nilijihisi mjinga, maana Kiswahili changu chenyewe kilikuwa kimenipa jibu tangu utotoni. Sisi husema nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina hofu, nina miaka 20. Mfaransa naye husema j’ai faim, j’ai soif, j’ai sommeil, j’ai peur, j’ai vingt ans. Muundo ni ule ule: mtu anakuwa na njaa, anakuwa na miaka. Ni Kiingereza kinachotumia kitenzi cha kuwa mahali hapo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika “je suis vingt ans” hakosei kwa sababu ni Mwafrika aliye mbali na Ufaransa. Anakosea kwa sababu tumempitisha njia ya mzunguko ilhali njia ya mkato ilianzia mlangoni kwao.

Chukua pia suala la jinsia na upatanisho. Vitabu vingi nilivyovipitia hulileta jambo hili kama mkosi: ati meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume, na kila kivumishi sharti kibadilike kuwafuata! Kwa aliyelelewa kwa Kiingereza pekee hilo linatisha, kwa kuwa kivumishi cha Kiingereza hakitikisiki, nomino iwe moja au mia. Lakini tazama: un livre blanc, des livres blancs, une porte blanche, des portes blanches. Sasa sema kwa Kiswahili: kitabu cheupe, vitabu vyeupe, mlango mweupe, milango myeupe. Mtoto aliyemudu A-WA, KI-VI, U-I, LI-YA na ngeli nyinginezo kabla hajajua kufunga kamba za viatu, atashindwaje na makundi mawili tu? Hata mpangilio wa maneno unafanana. Vivumishi vingi vya Kifaransa huja baada ya nomino kama vyetu. Vichache vya kawaida, kama vile grand, petit, bon, beau, jeune na vieux, ndivyo hutangulia, na hivyo anaweza kuvikariri kwa dakika 10.

Tena kuna vivumishi vyetu visivyochukua viambishi: safi, hodari, ghali. Husemi “vitabu visafi”. Kifaransa nacho kina vyake visivyobadilika, miongoni mwavyo “marron” na “orange”, kwa kuwa asili yake ni majina ya matunda. Nasi je? Tuna kahawia kutokana na kahawa, na rangi ya chungwa kutokana na tunda lile lile! Mwalimu akilitaja hili mara moja, mwanafunzi hatalisahau.

Mfano wa mwisho katika fungu hili ni vimilikishi. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza hutaka kujua kwanza mwenye kitu ni mume au mke, ndipo aandike “sa père” akimaanisha baba wa msichana. Mfaransa hajali mwenye kitu. Anajali kitu kinachomilikiwa: son père, sa mère, ses livres. Kiswahili hufanya vivyo hivyo: kitabu chake, vitabu vyake, mlango wake. Neno “chake” halikwambii kama mwenyewe ni Ali au Amina. Na ukitaka kufurahi zaidi, tazama neno la rafiki. Kifaransa husema “mon amie” hata rafiki akiwa wa kike, kwa ajili ya irabu inayofuata. Sisi nasi husema “rafiki yangu” wala si “rafiki wangu”, ingawa rafiki ni wa ngeli ya A-WA. Lugha mbili, neno moja, na zote zimeamua kuvunja kanuni zake hapo hapo.

Hata hivyo nisije nikauza mbuzi kwenye gunia. Kiswahili hakifungui kila mlango. Hatutofautishi “il” na “elle”, kwa kuwa kiambishi chetu cha nafsi ya tatu ni kimoja kwa mume na mke. Hapo wanafunzi wetu huteleza sana. Pia sisi hupatanisha kwa uhai: kiboko, japo ana “ki”, husemwa kiboko mkubwa ameonekana. Kifaransa kina desturi tofauti. “La victime” hubaki ya kike hata aliyeumia akiwa mwanamume mwenye ndevu. Tena hatuna vile vineno vya le, la, un, une na du. Wataalamu wa asili za maneno wanatuambia kwamba “divai” yetu ilitokana na “du vin”. Yaani tulimeza kileo pamoja na kineno chake bila kujua kwamba ni vitu viwili. Haya yote yanahitaji mazoezi na subira. Ninachodai ni kwamba mwalimu akijua palipo na daraja na palipo na mto, hatawavusha wanafunzi kwa mtumbwi mahali ambapo wangeweza kutembea.

Nirudi sasa kwa nyanya aliyerefushwa. Sarufi peke yake haielezi kosa lile. Mjukuu wangu hakukosea upatanisho, alikosa kutazama. Na hakutazama kwa kuwa hakuombwa atazame. Zoezi lilidai uthibitisho kwamba anajua hali ya kike ya vivumishi vitano. Nyanya alikuwa msumari tu wa kutundikia vivumishi hivyo.

Hapa ndipo ninapoona kinaya kikubwa. Tunafunza usawiri kwa namna hii kwa jina la lugha ambayo waandishi wake walifanya utazamaji kuwa kama ibada. Mwaka 1888 Guy de Maupassant alichapisha riwaya ya Pierre et Jean. Katika utangulizi wake, aliouita “Le Roman”, anasimulia jinsi Gustave Flaubert alivyomfunza kazi ya uandishi. Flaubert alimtaka akikodolee kitu macho mpaka akione kile ambacho wengine hawajakiona ndani yake. Alimpa mazoezi: mwuza duka aliyeketi mlangoni pake, bawabu mwenye kiko, farasi mmoja wa gari la kukodi katikati ya farasi 50. Kila mmoja alipaswa kusawiriwa hivi kwamba msomaji asimchanganye na mwingine wa aina yake.

Utaniambia, “Profesa, huyo alikuwa Maupassant, sisi tuna watoto wasiojua hata kuhesabu hadi 100 kwa Kifaransa.” Kweli. Lakini hebu tutazame mwanagenzi ana nini mkononi. Vitenzi vya kwanza kufunzwa ni vile vinavyoishia kwa “-er”: marcher, parler, chanter, compter, garder, porter. Kutembea, kusema, kuimba, kuhesabu, kutunza, kubeba. Hivi ni vitenzi vya kutendea kazi, na mtu hujulikana kwa vitendo vyake kuliko kwa sifa anazobandikwa. Hata mfumo wa viwango vya lugha uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ambao ndio dira ya vitabu vingi vya Kifaransa, unasema kwamba mwanagenzi wa kiwango cha A1 anaweza kuandika sentensi sahili kuhusu watu, wanakoishi na wanachofanya. Wanachofanya! Mtihani wa DELF wa kiwango hicho hudai ujumbe wa maneno yasiyopungua 40. Maneno 40 yanatosha kumweka mtu mzima mbele ya msomaji, mradi yasiwe vivumishi vitupu.

Basi nilimwambia mjukuu wangu afunge daftari. “Nyanyako alikuwa akifanya nini?” Akaanza polepole, kisha maneno yakamwagika. Alikuwa akiuza maembe Kongowea. Alitembea haraka, mkono mmoja kiunoni. Pesa alizihesabu mara mbili, kwa sauti, kisha akazifunga kwenye pindo la leso. Nikamwambia ayaandike hayo kwa Kifaransa alicho nacho, bila kamusi. Akaandika: “Ma grand-mère est petite. Elle marche vite. Elle vend des mangues à Kongowea. Elle compte l’argent deux fois. Elle garde l’argent dans son leso.”

Kivumishi ni kimoja tu, “petite”, na safari hii ni cha kweli. Alisita kwenye leso. Akaniuliza ni ya kiume au ya kike. Nikamwambia maneno mengi yanayoingia Kifaransa kutoka ughaibuni hupewa jinsia ya kiume, kama vile “un safari”, neno letu lilivyofanywa kule. Leso yenyewe sisi tuliichukua kwa Wareno, na hakuna Mreno anayetudai. Iandike ilivyo. Msomaji wa Lyon asiyeijua leso ataijua kwako.

Kisha akanitazama. “Lakini babu, ‘elle marche’ si ya mtu aliye hai?”

Nilikosa la kusema kwa muda. Nyakati alizokuwa amefunzwa hadi siku hiyo ni wakati uliopo peke yake. Wakati ule uliopita wa kusawiri, unaoitwa imparfait, haukuwa umefikiwa. Katika mipango mingi ya masomo huo huja baadaye, tena nyuma ya ule wa passé composé wenye matatizo mengi zaidi. Sielewi hekima ya mpangilio huo. Passé composé humtaka mwanafunzi achague kati ya avoir na être na kukariri maumbo mengi yasiyotabirika. Imparfait ni mwepesi: chukua umbo la “nous” katika wakati uliopo, nous marchons, toa “-ons”, ubandike -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient. Kitenzi kinachokataa kanuni hii ni kimoja tu, être, nacho hutupa “elle était”. Tena maana yake tunayo tayari: ni ile tofauti ya “alitembea” na “alikuwa akitembea”. Mswahili haihitaji kuelezwa, anaiishi.

Nilimfunza pale pale, hata chai haijapoa. Akaandika upya: “Ma grand-mère était petite. Elle marchait vite. Elle vendait des mangues à Kongowea. Elle comptait l’argent deux fois. Elle gardait l’argent dans son leso.” Aliisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti. Mimi nilitazama dirishani.

Najua walimu watakaosema kwamba haya ni rahisi kwa babu mmoja na mjukuu mmoja. Darasani kuna wanafunzi wengi, saa ni chache, na insha ya vivumishi vitano husahihishwa upesi. Wana haki ya kusema hivyo. Nimesahihisha maelfu ya insha maishani mwangu na ninajua kalamu nyekundu inavyochosha mkono. Wengine watasema sarufi kwanza, utamu baadaye. Hao ndio sikubaliani nao. Mwanafunzi aliyeandika jambo lake mwenyewe ana sababu ya kutaka liwe sahihi. Mjukuu wangu alitaka kujua wakati uliopita kwa sababu alikuwa na mtu wa kumweka katika wakati huo. Hakuna jedwali la vitenzi linaloweza kumpa mwanafunzi hamu kama hiyo.

Na tusimcheke mwalimu wa Kifaransa huku nguo zetu zikiwa zimechanika mgongoni. Sisi wa Kiswahili tuna ubao wetu pia. Ni insha ngapi za watahiniwa ambazo huanza kwa jua la mapambazuko na ndege wanaoimba, hata kama kisa kinatokea usiku wa mvua? Ni mara ngapi kila karamu huwa ya kukata na shoka, na kila msichana huwa na macho ya gololi? Tumewakaririsha watoto mapambo, tukawapa alama kwa sababu ya mapambo, kisha tunalalamika kwamba hawana la kusema. Ugonjwa ni mmoja. Kwa Kiswahili huvalishwa misemo, kwa Kifaransa huvalishwa vivumishi.

Ninachopendekeza hakihitaji kamati wala bajeti. Kwanza, mwalimu wa Kifaransa atumie Kiswahili bila haya panapo na daraja: njaa, miaka, vimilikishi, upatanisho. Pili, imparfait ufunzwe mapema, maana kila mwanafunzi ana mtu au mahali pa kukumbuka. Tatu, katika kila zoezi la kusawiri, zitengwe alama mbili tu kwa jambo moja la kweli ambalo mwanafunzi mwingine darasani asingeweza kuliandika. Alama mbili zinatosha kumfanya mtoto ainue macho kutoka ubaoni.

Mjukuu wangu ameipeleka insha mpya kwa mwalimu wake. Huenda akapewa 6, kwa kuwa vivumishi havitoshi na leso haimo kamusini. Nimemwambia asijali. Ile ya kwanza ilipata 9, lakini nyanyake hakuwamo.